Lile Pango, Litoe Kwenye Ramani

Simu iliingia nikiwa nala, sahani upande mmoja wa meza, kompyuta upande wa pili. Hapa South B stima ilikuwa imepotea mchana kutwa na nilikuwa nafidia kazi usiku. Namba niliitambua: ni ya kijana aliyetuongoza kule bondeni.

"Dada, habari ya Nairobi?"

"Nzuri. Ng'ombe wazima?"

"Wazima, ila mvua hatujaiona." Akanyamaza kidogo. "Nimeambiwa wewe ndiye unachora ramani. Lile pango, litoe."

Nikamuuliza lipi, japo nilikuwa naliangalia. Kwenye skrini lilikuwa nukta nyekundu kati ya nukta nyingi. Ukiibonyeza inafungua fomu nzima: kina, urefu, mlango umeelekea wapi, masizi ya dari, picha.

"Lile mlilokalia kivulini mkanywa chai. Wazee hawataki lionekane."

Nikamwambia nitauliza wakubwa wangu. Akashukuru, akakata.

Kufuta nukta ni kazi ya sekunde moja.

Sikuifuta. Wala kazi haikuendelea usiku ule, na tangu hapo, kila nikifungua faili hilo, macho yanaenda kwenye nukta ileile.

## Kutembea mkiangalia chini

Mimi si mwanaakiolojia. Ni mtu wa ramani. Wao wanaona, mimi naweka mahali pake walichokiona. Bonde lenyewe sitalitaja. Liko ndani ya Bonde la Ufa, ukishateremka kutoka Nairobi, na hapo naomba msinidai zaidi.

Kwa wasiowahi kuiona kazi hii, haina uchimbaji wowote. Mnajipanga mstari, kila mtu na ukanda wake, mnatembea polepole shingo chini. Mwenye kuona kitu anapaza sauti na mstari wote unasimama. Kibendera kinachomekwa, GPS inasomwa, picha inapigwa ikiwa na kipimo na mshale wa kaskazini, fomu inajazwa, safari inaendelea. Kuokota ni marufuku. Kibali chetu kilikuwa cha kuangalia tu.

Siku za kwanza nilidhani tunatafuta mawe. Vipande vya obsidiani, lile jiwe la volkano ambalo watu wa kale walichongea zana, vilikuwa kila mahali, vyeusi, vinameta kama chupa iliyopasuka. Jiwe hilo asili yake ni kandokando ya Naivasha na mlima Eburru, lakini limekutwa hadi Lukenya, huku nyuma ya Athi River, likiwa limebebwa na watu. Na kule Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, watu walikuwa tayari wakilitoa mbali kiasi cha miaka 300,000 iliyopita. Ukishajua hayo huwezi tena kulikanyaga bila kuangalia.

Kilichotuchosha zaidi ya mawe ni matuta. Duara la udongo lililoinuka kiganja kimoja tu juu ya uwanda. Shimo pana lisilo na kina, ambalo ungepita katikati yake ukiongea na simu usijue umepita. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, hakuna kitu. Ardhi yote ni bapa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado limelala, kila mwinuko unatupa kivuli, na uwanda uliokuwa mtupu jana unajaa maduara. Daktari, kiongozi wa msafara wetu, alikuwa anatuamsha gizani ili tuwahi hicho kivuli. Jua likipanda kidogo tu yanaanza kupotea moja moja, na ambalo hamjalichomeka kibendera mnaliacha hadi jioni, jua likilala upande wa pili.

Kijana hakuhitaji kivuli. Aliwaangalia ng'ombe.

"Ona wale," akaniambia. Kundi lilikuwa linapita kwenye nyasi ndefu za rangi ya kahawia, kisha likafika mahali nyasi zilipokuwa fupi na kijani, na vichwa vyote vikainama. Hakuna aliyewasimamisha. "Hapo palikuwa boma."

"La lini?"

Akacheka. "La zamani. Ng'ombe hawajui mwaka."

Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa nimerudi mjini, kwamba mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyiwa kwenye maboma ya kale ya wafugaji huko Narok, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Udongo wake ulikuwa bado na fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko udongo wa jirani. Samadi iliyorundikana zizini kabla ya Kristo bado inalisha nyasi za leo. Wanyamapori nao wamekuwa wakifuata nyasi hizo, wakiacha samadi yao juu ya ile ya zamani, na kiraka kinazidi kunona.

Kwa hivyo kuna ushahidi wa aina mbili juu ya ardhi ileile. Mmoja unahitaji droni, kivuli cha asubuhi na maabara ya udongo. Mwingine unahitaji umelelewa na ng'ombe. Mara nyingi yote miwili inakubaliana. Tofauti ni kwamba mmoja tu ndio unaoingia kwenye faili.

Hili si jambo la bonde letu peke yake. Ukipanda nyanda za juu za magharibi kuanzia Nakuru, kuna mamia ya mashimo ya duara yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, nje tu ya mji wa Nakuru, mwaka 1937, na kwa miaka mingi yalichukuliwa kuwa nyumba za watu waliojichimbia chini. Ilipofika miaka ya 1960 ndipo mwenzake wa fani hiyo, John Sutton, alipoonyesha kwamba ni mazizi: nyumba ilikuwa pembeni imeshikana na shimo, mlango wa zizi ulielekea mteremkoni, na nje ya mlango ndiko samadi na matope vilikotupwa hadi vikawa kilima. Napenda sana hiyo habari ya kilima. Mtu aliyewahi kufagia zizi anajua uchafu unaenda upande gani.

## Pango

Hilo pango tulilifikia mchana wa joto, tukiwa tumechoka. Kijana alituambia tusubiri nje. Akaingia peke yake, akakaa kidogo, akatoka.

"Leo hakuna watu. Ingieni."

Leo.

Ndani palikuwa na majivu, si ya kale. Mawe ya jiko. Mifupa iliyopasuliwa kutoa uboho. Dari nyeusi ya masizi, na ukutani, chini ya masizi mapya, michoro ya rangi nyeupe iliyofifia: ngao, na alama zile zinazopigwa ng'ombe kwa chuma cha moto ili zizi hili litofautishwe na lile. Michoro ya namna hiyo iko Lukenya pia, na watafiti waliiandika tangu miaka ya 1970 wakieleza kwamba ni kazi ya watu waliokwenda mafichoni kula nyama. Wamaasai wanapaita olpul. Morani wanachinja, wanakula, wanakunywa supu ya mizizi na magome, wanakaa siku kadhaa mbali na nyumbani. Mwanamke hana kazi hapo, na nyama iliyoangaliwa na mke wa mtu, morani haigusi. Ndiyo maana kijana alitangulia. Alikuwa ananilinda mimi, au alikuwa analinda nyama, sikumuuliza.

Daktari alikagua mifupa bila kuigusa. Huwa anakumbusha wanafunzi kwamba mfupa pangoni si lazima uwe chakula cha mtu. Mapango ya Suswa yalipochunguzwa miaka ya 1960, mifupa ya nyani iliyokuwa mle ilikutwa ni mabaki ya karamu za chui. Hii ya kwetu ilikuwa na alama za kisu.

Kwenye fomu kuna mstari wa hali ya eneo. Tukaandika kwamba linatumika. Chini yake kuna mstari mwingine: hatari zinazolikabili. Daktari akaandika mmomonyoko, mifugo, uzio.

Hakuna aliyeandika ramani.

## Sababu za nukta kubaki

Asubuhi baada ya simu nilikuwa na hoja zangu tayari, na zilikuwa nzuri.

Mwaka 2019 reli ya SGR ilifika Suswa. Barabara zimefuata, magodauni yamefuata, na mabroka walikuwa wamewatangulia wote. Ranchi za jamii zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zinaendelea kukatwa vipande. Ardhi iliyokuwa ya watu wote inakuwa ya mtu na hati yake. Anayetaka kujenga kiwanda lazima afanyiwe tathmini ya mazingira, na anayeiandaa tathmini hiyo huuliza kama eneo lina mabaki ya kale yanayojulikana. Kujulikana maana yake kuwa kwenye rekodi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inalinda mengi, lakini haiwezi kulinda kisichoandikwa popote. Tingatinga halina ugomvi na pango. Linapita tu kwa sababu karatasi haikusema lisipite.

Nimeona Lukenya. Pale pana vijipango vya miamba vilivyokaliwa na watu tangu enzi za mawe, na leo ukipita barabara ya Mombasa matangazo ya ploti yanakupungia mkono kilomita baada ya kilomita. Angalau vijipango vile vina namba. Mtu akivibomoa, atakuwa amebomoa kitu chenye jina.

Nikamtumia kijana ujumbe mrefu wenye hoja zote hizo. Alama za buluu zikaonyesha ameusoma. Hakujibu.

## Sababu za nukta kutoka

Zilinijia taratibu, na si kwa sababu nilizitafuta.

Kwanza ni vigango. Wamijikenda wanasimamisha nguzo za kuchonga kwa ajili ya wazee wao waliofariki. Zilikuwa wazi, kila mtu kijijini anajua ilipo ya nani, na kwa vizazi hakuna aliyezigusa. Kisha zikajulikana na watu wengine. Zikang'olewa usiku, zikauzwa, zikaishia kwenye makavazi na sebule za Marekani; baadhi zimerudishwa, nyingine hakuna anayejua ziliko. Kujulikana hakukuzilinda hata kidogo. Kulizipa bei.

Kisha kuna uvumi. Kila mtafiti aliyewahi kuchomeka kibendera kwenye udongo wa Kenya ameusikia: wale wanatafuta dhahabu. Ukiweka kwenye intaneti nukta yenye neno pango, huwezi kumzuia mtu kuja na sururu kukagua mliacha nini.

Watu wananiuliza, mbona Karura, ule msitu wa Nairobi? Kweli, mapango ya Karura yako kwenye kila ramani ya msitu ule. Mau Mau walijificha mle, na leo watoto wa shule wanapigwa picha mlangoni Jumamosi, na mapango yapo. Lakini Karura ina uzio wa umeme, ina askari, ina lango la kulipia, na ina watu wa Nairobi wanaojua kupiga kelele. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea msitu huo usigawiwe, na nchi nzima ikajua. Pango letu lina mbuzi.

Kwa hiyo nikawa naelekea upande wa kijana. Ndipo mwenzangu mmoja wa ofisini, ambaye huwa hasemi sana, akaniuliza swali wakati tunanunua chai kwa kibanda.

"Umeshajiuliza nani anauza huko?"

## Nani anauza

Nilifungua simu pale pale kibandani. Haikunichukua muda. Kwenye ukurasa wake wa Facebook, kati ya picha za harusi na za ndama, kijana alikuwa na tangazo: ekari kadhaa, maji yapo karibu, mandhari safi ya bonde, hati inashughulikiwa. Nilizikuza picha. Mwamba wa nyuma niliujua. Nilikuwa nimeuchora.

Basi, kumbe.

Nilikasirika, kisha nikaona aibu kidogo kwa hasira yangu. Ana haki ya kuuza chake. Shamba lenye pango lililosajiliwa ni shamba lenye maswali, na mnunuzi wa Nairobi hapendi maswali. Lakini wazee wanaweza kuwa hawataki lionekane vilevile. Mtu anaweza kusema ukweli kwa sababu inayomfaa. Kama si mimi kuona lile tangazo, ningelifuta pango kwa heshima ya mila na kumbe ninasaidia kusafisha ploti. Na nikilibakiza kwa kuwa yeye ni broka, nitakuwa nimewanyamazisha wazee ambao hawajanikosea lolote.

Nikamwambia Daktari. Alisikiliza, akasema jambo ambalo ningependa kila mradi ungelisema mapema: hatukai Nairobi kubishana kuhusu wazee, twende tukawaulize.

## "Na kwangu?"

Mzee alikuwa chini ya mgunga na wenzake. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, kama wanavyosalimiwa wadogo kule. Baada ya habari za mvua, za mifugo na za barabara, Daktari akaeleza kilichotuleta, bila kumtaja kijana.

Mzee akamtaja mwenyewe. "Yule anauza chake. Pango si lake."

"Sasa mzee, mnataka litoke au libaki?"

Hakujibu hilo. "Hiyo ramani inakaa wapi, binti yangu?"

Nikamweleza. Nakala moja Makavazi ya Taifa. Moja chuo kikuu. Moja kwenye kompyuta ya Daktari, moja kwenye yangu. Na ripoti ikitoka, moja mtandaoni.

"Na kwangu?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumetembea kwenye ardhi yao tukiongozwa na watoto wao, tukaandika kila mahali walipowahi kulala ng'ombe wao, na ramani ilikuwa imefika kila mahali isipokuwa pale. Na pale ndipo kulikuwa na mkutano wa kugawa ardhi mwezi uliokuwa unakuja.

Niliichapisha Nairobi, katikati ya mji, kwa wale jamaa wanaochapa michoro ya majengo, karatasi kubwa ya kutandika mezani. Nikaikunja kwenye bomba la plastiki, nikampa dereva wa matatu ya Narok aidondoshe kituoni. Ilikuwa na pango.

Majibu yalikuja kwa WhatsApp, picha ya ramani imetandazwa juu ya ngozi, imejaa kalamu. Wazee walikuwa wameongeza maduara upande wa kusini ambako mstari wetu haukufika. Kijito tulichokiacha bila jina kilikuwa na jina. Na kwenye duara moja ambalo fomu yetu ilikuwa imeliacha bila umri, mtu alikuwa ameandika 1984 na jina la mwanamke. Nikapiga simu kuuliza. Mwaka ule wa kiangazi kikali, akasema mzee, mama yake alihamia pale na ng'ombe waliobaki. Nyasi zake sasa ndizo nzuri kuliko zote.

"Hilo liweke hata kwa gazeti," akasema. "Wajue tulikuwepo."

## Mraba

Tulichokubaliana ni hiki. Makavazi wanapata kila kitu. Wazee wana kila kitu. Kwenye ripoti ya hadharani, pango halina nukta. Lina msimbo wa mraba tu, ule mfumo wa herufi nne na namba ambao wanaakiolojia wa Afrika wamekuwa wakiutumia kwa miongo. Ukisoma GvJm22 unajua uko Lukenya, kwenye mraba wa kama kilomita 28 kila upande, na zaidi ya hapo ukaombe ruhusa. Mfumo huo haukubuniwa ili kuficha kitu, ila kwa kazi hii unatosha.

Unatosha kwa mwizi. Kwa tingatinga sina hakika. Mwandishi wa tathmini mwenye haraka ataona mraba mpana hivyo, ataandika kwamba yako mabaki ya kale katika eneo pana, ataendelea na ukurasa unaofuata. Daktari anaamini atapiga simu Makavazi kuuliza. Mimi nimefanya kazi na watu wa tathmini. Wengine hupiga.

Kijana naye hakuridhika. Aliniambia wazi kwamba Makavazi ni serikali, na serikali ndiyo inayotoa hati, kwa hivyo nimelificha pango kwa watu wasio na haja nalo na nimempa mwenye haja. Sina la kumjibu, ila kwamba sasa mzee naye analo, na kwenye mkutano ule ramani ya kalamu ilitandikwa mezani kabla ya ramani ya mpimaji. Walichoamua kuhusu mwamba ule ni chao. Sijauliza na sitaandika.

Msafara unaofuata ni bonde la jirani, mvua zikiisha. Nimeandaa bajeti, na kwenye uchapishaji nimeweka nakala tatu kubwa za ramani, moja yenye nafasi pembeni ya kuandika kwa kalamu. Mhasibu amezipitisha mbili. Ya tatu ameirudisha na swali: mpokeaji ni taasisi gani?